Barua ya malalamiko: ukaguzi wa nyumba ya zamani Lushoto ambao haukufanyika

Lushoto,
Juni 2025

Meneja Mkuu,
Ofisi ya Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: UKAGUZI WA KINA WA NYUMBA ILIYOPO NJIA YA MAGAMBA, LUSHOTO, NA MANENO ALIYOAMBIWA BABA YANGU OFISINI KWENU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo baba yangu hakuipata mlangoni kwenu. Mkataba mnao, risiti mnayo, ripoti mmeiandika wenyewe, na taratibu za kazi yenu mnazijua kuliko mimi. Sitazirudia hapa.

Mlilipwa shilingi 1,800,000 kwa ukaguzi wa kina wa kihandisi. Si uthamini. Uthamini tulikuwa nao tayari, na mthamini alitueleza bila kuficha kwamba kazi yake ni kusema nyumba ina thamani gani sokoni, si kupanda darini kukagua kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Ndiyo maana tukaja kwenu. Baba mwenyewe ndiye aliyeshikilia. Tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kila tulipoizungumzia nyumba hii alisema pesa ya mhandisi itoke kwanza, ya mwenye nyumba itafuata. Na alikuwa sahihi. Nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za Mwingereza, iko kwenye mteremko, katika milima yenye mvua kama hii ya Usambara, hainunuliwi kwa kutazama rangi ya ukuta.

Sasa tuizungumze ripoti yenu. Ukurasa wa 6 mmeandika kwamba kenchi na papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, "ziko katika hali nzuri". Naomba uniambie ni nani aliyeziona. Mkaguzi wenu alikuja bila ngazi. Aliyekuwa anauza nyumba alimwambia jirani anayo ngazi, iko hapo hapo uani, akajibu hakuna haja. Akawasha tochi ya simu, akamulika kwenye tundu la dari pale koridoni akiwa amesimama sakafuni, kisha akaandika. Nilikuwepo, nilikuwa namshikia faili lake. Nilimuuliza kama itatosha. Akaniambia, "Dada, mbao za zamani hizi ni ngumu, hazina shida."

Nilipomaliza kusoma ukurasa wa 9 ndipo nilipojua kwamba hata hicho alichoandika hakikuandikwa kwa ajili yetu. Mnashauri mabati yapakwe rangi maalumu "kutokana na ukaribu wa jengo na bahari na athari za chumvi ya hewa". Ndugu Meneja, Lushoto iko milimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombo unapanda kona kwa kona, unapita Soni, ndipo unafika. Chumvi hiyo ni ya nyumba ya mtu mwingine, labda ya Pangani, labda ya Tanga mjini. Mlichukua ripoti ya mteja mwingine, mkabadilisha jina, mkatuuzia. Na huyo mteja mwingine naye sijui alikaguliwa nyumba yake au aliletewa karatasi ya mtu wa tatu.

Hayo ndiyo tuliyokwenda kuyauliza ofisini kwenu mwezi Mei. Tulikwenda kwa upole. Baba ni mwalimu mstaafu, amefundisha shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, na kiinua mgongo chake kimo ndani ya kuta hizo. Afisa wenu aliyetupokea hakumwamkia. Hakutukaribisha viti. Baba alipoeleza kwamba dari halikufunguliwa, afisa huyo alifungua ripoti ukurasa wa mwisho, akagonga kidole kwenye maandishi madogo ya chini kabisa, akamwambia mbele ya wateja: "Mzee, si imeandikwa hapa? Hukusoma, au miwani umeisahau nyumbani?" Wenzake wawili wakacheka.

Nitalirudia hilo. Kwanza nimalize habari ya nyumba, maana mtasema nimeandika kwa hasira tu.

Mlitukagulia Januari, kiangazi, udongo umekauka. Mkataba ulisema mtachimba kando ya msingi kwenye kona mbili kuona umekwenda chini kiasi gani na umekaa juu ya nini. Halikuguswa jembe. Ulisema ukuta utapimwa kwa timazi. Timazi sikuiona. Ulisema unyevu utapimwa ukutani na kwenye mbao za sakafu, na hakuna ubao hata mmoja ulioinuliwa, ingawa sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa inabonyea chini ya mguu, na mkaguzi aliikanyaga mwenyewe. Nyuma ya nyumba, pale kilima kinaposhuka hadi karibu na ukuta, hakuna mfereji. Maji yote ya mteremko yanakuja kusimama kwenye msingi. Hilo halihitaji chombo chochote, linahitaji mtu azunguke nyumba. Ripoti yenu haina neno moja kuhusu maji ya nyuma.

Masika ilipoanza, ukuta wa nyuma ulilowa kutoka chini hadi usawa wa dirisha. Mwezi Aprili plasta ikaanza kuachia, na chini yake tukaona ufa ambao mwenye nyumba alikuwa ameuziba kwa wolputi na kuupaka rangi. Unaanzia kona ya chini ya dirisha, unashuka kwa ngazi ngazi ukifuata viungo vya mawe, hadi sakafuni. Kidole changu cha shahada kinaingia. Mhandisi tuliyemtafuta baadaye, na huyu alikuja na ngazi, alituambia ufa unaoshuka hivyo ni dalili ya msingi kukaa upande mmoja. Si ufa wa jana. Angeugonga ukuta kwa kidole angesikia pale palipozibwa panavyolia tofauti.

Mhandisi huyo alifuatana na fundi mmoja mzee wa hapa hapa, Msambaa, aliyezikarabati nyumba nyingi za aina hii. Fundi alipanda darini na bisibisi. Akaichomeka kwenye kenchi ya kwanza juu ya ukuta wa nyuma. Ilizama hadi kwenye mpini. Hakusukuma kwa nguvu, aliisukuma tu kama mtu anayejaribu, nayo ikazama. Akaichomoa, ikatoka na unga wa udongo na mchwa wakidondoka kwenye mikono yake. Akasogea ya pili, ikawa vilevile. Kwenye pembe ya ukuta kulikuwa na vijia vya udongo vya mchwa, vinene, vinapanda kutoka chini ya sakafu hadi juu, vimetambaa nyuma ya silingi bodi. Vijia hivyo vinaonekana kwa mtu yeyote anayeingiza kichwa chake darini. Kichwa tu. Fundi alituonyesha pia kwamba ukuta uliojengwa kwa mawe na udongo na kupakwa chokaa, mtu ameufunika kwa plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, ukabaki ndani unakula mbao zilizolala ukutani. Mafundi wa huku wanalijua hilo. Kampuni inayojitangaza kuwa na utaalamu wa majengo ya zamani ilipaswa kulijua kabla yao.

Kwa hiyo kenchi ambazo ripoti yenu inasema "ziko katika hali nzuri" ndizo zilizokuwa juu ya kitanda cha wazazi wangu masika yote. Mama alilala hapo. Nikilifikiria hilo nashindwa kuendelea kuandika vizuri.

Mlipopigiwa simu mara ya kwanza, bado mvua inanyesha, mliahidi mtu atakuja "wiki hii". Hakuja. Tulipopiga tena tukaambiwa aliyefanya kazi ameacha kazi. Baadaye tukaambiwa yuko likizo. Mkubaliane wenyewe kwa wenyewe, ameacha au yuko likizo.

Narudi ofisini. Nataka ulione vizuri, kwa sababu hukuwepo na najua utaelezwa vingine.

Baba aliingia akasema, "Habari za kazi, wanangu." Afisa wenu, kijana ambaye umri wake ni wa mjukuu wa baba, alijibu, "Mna miadi?" Baba akabaki amesimama mbele ya meza, ripoti mkononi, na kulikuwa na viti vitatu vitupu. Alieleza shida yake kwa utaratibu, kuanzia ufa hadi mchwa, na alimwita yule kijana "bwana" muda wote. Alipofika kwenye dari, kijana akaichukua ripoti kutoka mkononi mwake, hakuiomba, akaifungua nyuma, akaigonga. "Mzee, si imeandikwa hapa? Hukusoma, au miwani umeisahau nyumbani?" Kicheko. Mteja mmoja mwanamke aliyekuwa pale aliinamisha uso.

Baba akatoa miwani kwenye mfuko wa shati, akaivaa. Akaisoma sentensi hiyo kwa sauti, yote, jinsi mwalimu anavyosoma darasani: kwamba kampuni haitawajibika kwa sehemu ambazo hazikuweza kufikika wakati wa ukaguzi. Alipomaliza akauliza, "Ngazi ilikuwa kwa jirani. Hapo hapakufikika vipi?" Kijana hakumjibu. Alimwita mlinzi, akamwambia, "Wasaidie hawa wazee mlango." Mimi nina miaka 34, sijui mzee mwingine alikuwa nani. Baba akasema asante, akageuka. Mtu aliyefundisha vizazi vya watu kusoma, wengine ni wahandisi leo, anaulizwa na mtoto kama anajua kusoma, tena kuhusu sentensi waliyoiweka ili wasifanye kazi waliyolipwa. Njiani hadi Mombo hakusema kitu.

Na hiyo sentensi, Ndugu Meneja, haiwasaidii. Sehemu isiyofikika ni ile ambayo mtu alijaribu kuifikia akashindwa. Hapa hakuna aliyejaribu. Na hata kama dari lisingefikika kweli, mngeandika "hatukuliona". Mliandika "ziko katika hali nzuri". Huwezi kusema hukukiona kitu na wakati huo huo ukakithibitisha kwa muhuri. Baba alisaini mkataba wa kununua nyumba kwa kuutegemea muhuri huo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai ada irudishwe, basi. Baada ya kuyaandika haya yote naona ada peke yake ni dogo mno. Nadai mrudishe shilingi 1,800,000 zote. Nadai mlipe gharama za mhandisi wa pili, risiti zake nimeziambatisha. Nadai mlipe gharama za kubadilisha kenchi na papi za upande wa nyuma, kuezua na kuezeka upya, kuua mchwa, kuchimba mfereji wa nyuma na kushikiza msingi, kwa makadirio yaliyoambatishwa, ambayo jumla yake ni shilingi milioni 23. Tungeyajua haya Januari, tungeshusha bei au tungeiacha nyumba. Haki hiyo ya kuchagua ndiyo tuliyoinunua kwenu, na ndiyo mliyotunyima. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inazungumzia fidia kwa aliyevunjiwa mkataba. Mwanasheria wenu ataisoma.

Na nadai jambo moja ambalo halina bei. Afisa yule aje Lushoto. Asitume barua, asipige simu. Aje na wewe ukiwepo, amwamkie baba yangu, na amwombe radhi mbele ya mama na mbele ya fundi. Kisha apande ngazi, aingize kichwa darini, atazame.

Nawapa siku 14 tangu siku mtakayopokea barua hii. Mkinyamaza, ripoti yenu yenye chumvi ya bahari itakwenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi pamoja na picha za kenchi na jina la mhandisi aliyeisaini, ili Bodi ieleze kama kusaini kazi ambayo haikufanyika kunaruhusiwa chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63. Malalamiko ya pili yatakwenda Tume ya Ushindani kwa kumpotosha mlaji. La tatu litakwenda mahakamani, na huko sitadai milioni 23 tu, nitadai na fidia ya usumbufu na udhalilishaji, na yule mama aliyeinamisha uso ofisini kwenu amekwisha kunipa namba yake ya simu.

Nilitaka kuwaacheni mpaka siku hizo zipite kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Nimebadili nia. Kuna nyumba nyingine za mawe zinauzwa huku, Magamba na Soni, na wanunuzi wake wengi ni wastaafu wanaorudi kijijini na pesa zao za mwisho. Kila ninayemfahamu ananunua, tangu leo, namwonyesha ukurasa wa 9.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

(Saini)
Binti wa mteja wenu, kwa niaba yake na kwa idhini yake ya maandishi

Viambatisho: nakala ya ripoti yenu, ripoti ya mhandisi wa pili, picha za kenchi, ufa na vijia vya mchwa, risiti, makadirio ya matengenezo.

Nakala: Mwanasheria wa familia. Nakala ya Bodi imekwisha kufungwa kwenye bahasha, inasubiri siku ya 15.