Barua kwa Swahibu Yangu Kuhusu Pensheni ya Kiwanda Kilichofilisika

Swahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imenifikia, na nimeona nikujibu kwa maandishi kwa kuwa jambo lenyewe halitoshi kwenye simu. Kiwanda ulichokitumikia tangu uhamie Ohio kimeomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake, wenzako wanasema pensheni imekwenda na maji, nawe unaniuliza mimi, mhasibu mstaafu, kama ni kweli.

Si kweli, ingawa hofu yao ina asili yake. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, na mfuko wa pensheni ulipovunjwa mwaka uliofuata, fedha hazikutosha. Waliotimiza miaka 60 wakiwa na utumishi wa kutosha walipata haki yao yote. Maelfu ya wenzao wa umri wa miaka 40 hadi 59, waliokuwa wamefanya kazi miaka 10 au zaidi, waliambulia takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Waliosalia hawakupata kitu. Ilichukua miaka 10 hadi Rais Gerald Ford alipotia saini, Septemba 1974, sheria ya kulinda pensheni za sekta binafsi, ambayo ndiyo iliyounda shirika la bima la serikali kuu liitwalo Pension Benefit Guaranty Corporation, au PBGC kwa ufupi.

Fedha za pensheni yenu zimo mikononi mwa wadhamini, wala si sehemu ya mali ya kampuni, kwa hiyo wadai hawawezi kuzigusa. Kufilisika peke yake hakuuvunji mpango wa pensheni pia: mwajiri anayetaka kuuvunja mpango wenye upungufu wa fedha akiwa bado anaendelea na biashara sharti amridhishe hakimu kwamba hataweza kulipa madeni yake na kusimama tena iwapo ataendelea kuubeba. Mpango wenye upungufu ukivunjwa, PBGC huchukua mali yote ya mfuko na kuziba pengo kwa ada za bima zinazotozwa waajiri, kwa faida ya uwekezaji wake, na kwa chochote inachoweza kukipata kutoka kwa kampuni iliyoanguka. Hicho cha mwisho huwa kidogo, kwa maana mahakamani shirika hilo kwa kawaida ni mdai asiye na rehani, na wenye rehani ndio wanaolipwa kwanza.

Lakini bima hii ina mipaka, na hapo ndipo watu huumia. Shirika la ndege la United lilipoachiwa na mahakama mwaka 2005 kuivunja mipango yake, upungufu ulikuwa takriban dola bilioni 9.8, na PBGC ilibeba takriban bilioni 6.6, zilizobaki ziliwapotea wafanyakazi na wastaafu. Marubani ndio niliowahurumia zaidi. Kikomo cha bima mwaka huo kilikuwa dola 45,613 kwa mwaka kwa anayeanza kulipwa akiwa na miaka 65, na kwa mwenye miaka 60 kilishuka hadi takriban dola 29,600, ilhali kanuni za usafiri wa anga za wakati ule zilimkataza rubani wa ndege za abiria kuendelea na kazi akishatimiza miaka 60. Sheria moja ilimwondoa kwenye usukani, na nyingine ikamhesabu kuwa amestaafu mapema!

Kikomo hicho hakikuhusu wewe, naamini. Cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,431.82 kwa mwezi kwa mwenye miaka 65, na sijui mfanyakazi wa kiwandani anayekaribia kiasi hicho. Ya kuangalia ni mengine. Nyongeza za pensheni zilizotolewa ndani ya miaka mitano iliyopita hudhaminiwa kidogo kidogo, kwa kawaida asilimia 20 kwa kila mwaka uliotimia, kwa hiyo ile ambayo chama chenu kiliipigania juzi karibu yote iko hatarini. Zaidi ya hayo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2006, mahesabu ya bima husimama siku kampuni iliyofilisika ilipowasilisha ombi lake mahakamani, hata kama mpango unavunjwa miaka miwili baadaye, na utumishi wako wa baada ya siku ile hauhesabiwi katika kiasi kinachodhaminiwa. Bima ya afya ya wastaafu na kiinua mgongo havimo kabisa.

Ile akaunti yako ya 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara wako, ni suala jingine. Haina bima ya PBGC, lakini ni mali yako, na haidhuriki kwa kufilisika kwa mwajiri isipokuwa umeiweka katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Kama ndivyo, ziondoe humo.

Unasema wamekupa fomu ya kustaafu mapema yenye nyongeza ya kukuvusha hadi pensheni ya serikali. Nyongeza ya aina hiyo kwa kawaida haidhaminiwi. Usiitie saini kabla hujanitumia nakala yake pamoja na taarifa ya mwaka ya mpango wenu, ile inayoonyesha mfuko una asilimia ngapi ya fedha zinazohitajika; uliza kwa msimamizi wa mpango, analazimika kukupa.

Wako,
Swahibu yako wa siku zote