Risala kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Santuri na Jazi ya New York

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kikundi, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Usiku huu ni wa muziki wa New York ya miaka ya 1970, uliopigwa na kuchezwa katika maghala ya ghorofani ya SoHo na mitaa jirani, baada ya viwanda kuhama na kuacha kumbi pana zenye dari ndefu.

Mheshimiwa, wanamuziki na wachezaji wale hawakujificha ghorofani kwa kupenda. Tangu mwaka 1926 sheria ya kabareti ilidai leseni maalumu popote palipouzwa chakula au vinywaji na watu wakacheza. Ilifutwa 2017 tu. Iligusa hata jukwaa: mpaka miaka ya 1980, ukumbi usio na leseni haukuruhusiwa zaidi ya wanamuziki watatu, na saksafoni, tarumbeta na dramu zilikatazwa. Jazi bila dramu! Hadi 1967 wanamuziki walihitaji pia kadi ya polisi. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake mwaka 1951, akakosa kazi katika vilabu vya jiji kwa takriban miaka sita.

Upenyo ukapatikana majumbani. Februari 1970 mpiga santuri David Mancuso alianza kualika watu kucheza nyumbani kwake, namba 647 Broadway, bila kuuza pombe. Mpiga saksafoni Sam Rivers na mkewe Beatrice waliendesha ukumbi wa jazi wa Studio Rivbea, Bond Street. Mpiga dramu Rashied Ali akawa na ukumbi wake, Ali's Alley, Greene Street.

Sasa tuje kwenye ufundi, ambao ndio hasa unaotukesha. Mancuso alitumia spika za Klipschorn. Spika hii hubanwa konani, kwa sababu kuta mbili ndizo zinazokamilisha pembe yake ya besi, yaani mdomo unaopanuka wa kukuza sauti nzito. Ukiisogeza mbele, besi hunyong'onyea. Mtu huongeza sauti, kumbe kosa ni mahali ilipo. Umeme inaotaka ni wati chache tu. Twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, zilining'inizwa juu ya wachezaji, maana sauti hizo humezwa na miili ya watu kabla ya kufika nyuma. Baadaye Mancuso aliacha kabisa kuchanganya nyimbo, akapiga kila santuri mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaouita ukaidi. Sisi tunauita heshima kwa mwanamuziki.

Adui mkubwa ni sakafu ya mbao. Miguu huitikisa, sindano ikaruka. Besi nayo hupita mbaoni, sindano huidaka, spika huirudisha kwa nguvu zaidi, mpaka unazuka mvumo unaojikuza wenyewe. Kupunguza sauti hutuliza kwa muda tu. Dawa ni kuweka mashine ya santuri juu ya bamba zito la jiwe, au kuining'iniza, mbali na spika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni chumba cha chini chenye sakafu ya zege na kona mbili zisizo na mlango wala dirisha. Viti hatuombi.

Tunaomba kuwasilisha.