Kikohozi cha farasi msisingizie baridi, angalieni hei (nyasi kavu) mnayowapa

Mhariri,

Mi ni saisi, nimeshika farasi za watu huku Limuru miaka kumi na tisa, na kwenye kurasa zenu za kilimo nasoma ya ng'ombe, ya kuku, hadi ya konokono, lakini farasi ni kama hawapo Kenya hii. Sasa wacha niwaandikie mimi.

Kuna kijana jirani ana poni mweupe, farasi mdogo, wa kubebesha watoto wikendi. Juzi jioni akanijia, "Mzee, huyu poni anakohoa tangu Juni, nimemdunga antibayotiki mara mbili na bado, wanasema ni baridi ya huku." Nikamuuliza, ana homa? Hajui. Anakula? Anakula vizuri tu. Anakohoa saa ngapi? Asubuhi akipiga troti ya kwanza, ile mbio ya polepole, na akiwekewa chakula.

Hapo kwa chakula ndio nikachukua tochi tukaenda.

Banda lenyewe dirisha limezibwa na gunia, ati poni asisikie baridi. Nikamwambia kijana achuchumae, aweke pua yake pale poni anapoweka ya kwake akilala, na hakukaa hata dakika mbili, akainuka macho yanatoa machozi juu ya harufu ya mkojo. Alafu tukakata kamba ya beli, lile furushi la hei. Nje lilikuwa safi, la kijani kabisa, lakini katikati nyasi zimeshikana zimekuwa za kijivu, nilipotikisa kwa mwanga wa tochi vumbi likapanda kama unga unapepetwa, na poni pale pale akanyoosha shingo akakohoa mara tatu. Nikamwambia baridi yako ndio hii, umeinunua mia tatu hamsini kila beli.

Sisi watu tukiziba pua tunapumua kwa mdomo. Farasi hawezi, yeye hewa yote inapita puani, na pua ameizika ndani ya hei usiku mzima. Ule ukungu na vumbi vinamuwasha mapafu, njia za hewa zinavimba, zinajaa makamasi. Ni pumu tu, inafanana na ya watu, haiambukizi, na antibayotiki haiwezi kuisaidia. Mbona basi inakuja Julai? Kwa sababu Julai ndio tunafunga madirisha na kuwaacha ndani siku nzima wakila hei! Msimu tunautengeneza wenyewe.

Sisemi kila kikohozi ni pumu, hapana, kwanza nunua kipimajoto. Farasi mzima akitulia hapiti digrii 38.5, na anapumua kati ya mara 8 na 16 kwa dakika, simama kando uangalie ubavu ukipanda na kushuka uhesabu. Yule poni alikuwa 37.9 lakini pumzi 22, na tumbo linasukuma mwishoni mwa kila pumzi. Kama ana homa na amevimba chini ya taya na usaha mzito puani, mtenge na wengine siku hiyo hiyo, huo unaambukiza vibaya. Na kama ni kipindi cha mvua, ana homa, amevimba pale juu ya macho, anatoa povu puani, usikae kusoma barua yangu, pigia daktari wa mifugo, huo ni ugonjwa unaoletwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, na unaua farasi haraka sana.

Jambo lingine ambalo wengi hawajui, punda. Huyu kijana poni wake analisha uwanja mmoja na punda wa jirani wa kubeba maji. Punda anaweza kuwa na minyoo ya mapafu na asikohoe hata siku moja, anapendeza tu, lakini farasi akila nyasi walizolala hao minyoo anakohoa miezi. Na usishangae kinyesi cha farasi kikipimwa kisionekane kitu, kwa farasi wale minyoo mara nyingi hawafiki kutaga. Daktari alikuja akampa ivermectin kulingana na kilo zake, na punda pia akapewa, manake kutibu mmoja ni kufanya kazi bure.

Sasa kwa hei tulifanya hivi. Drumu la maji, hei inazama yote dakika kumi na tano, inatolewa inachuruzika, anakula ikiwa bado na maji, ikikauka vumbi linarudi pale pale. Yale maji ni ya kumwaga, msipewe tamaa ya kunyweshea ng'ombe. Hei tunaiweka chini, neti ya kuning'iniza tumetoa, kwa sababu farasi akiinamisha kichwa makamasi yanashuka yenyewe. Kufagia ni akiwa nje. Gunia la dirishani tumelichoma.

Ukiuliza wazungu wenye farasi watakwambia mtoe nje usiku na mchana, hiyo ndio dawa. Kwao sawa. Huku kwetu mvua ikinyesha visubi wanatoka jioni hadi alfajiri, ukimwacha nje umemponya pumu umemuua na ule ugonjwa mwingine. Kwa hivyo mchana nje, jioni anaingia, lakini banda liwe na hewa, weka neti yenye matundu madogo sana badala ya gunia, na chanjo ya ugonjwa wa visubi usiruke.

Aleji ya msimu ya kweli nayo ipo. Zamani nilishika poni mmoja Naivasha, huyo alikuwa kinyume, bandani mzima kabisa, ukimtoa nyasi zikitoa maua baada ya mvua anaanza kukohoa. Nilijua tu kwa sababu nilikuwa naandika kwa daftari: leo amekohoa mara ngapi, hali ya hewa, alikuwa wapi, beli mpya lilifunguliwa lini. Daktari akiona daftari kama hilo nusu ya kazi imeisha. Akisema steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe, sawa, zinasaidia sana, lakini poni mnono mwambie kabla hajamdunga, zinaweza kumletea ule ugonjwa wa kwato akashindwa kusimama. Msinunue wenyewe dukani tafadhali.

Na nyinyi mnaouza hei, hapa ndio nina hasira. Mnakata nyasi mnafunga beli kabla zikauke ndio ziwe na uzito, au zinanyeshewa shambani mnaanika juu juu mnafunga, nje kijani ndani ukungu. Ng'ombe anavumilia kidogo, farasi hawezi, na hata kijana anayelisha hizo beli anarudi nyumbani anakohoa. Sa hii mimi silipi kabla sijakata kamba ya beli moja nikaweka mkono katikati, likiwa na joto narudisha lori lote. Juzi dereva mmoja alinitukana kutoka getini hadi barabarani.

Poni mweupe leo ni wiki ya tatu, pumzi 14. Asubuhi bado anakohoa mara moja kwenye troti ya kwanza, na watoto wa wikendi nimemwambia kijana wangoje kwanza.

Ni mimi,
Saisi, Limuru.