Barua kwa Mama: Kuku Anayeng'aa

Nagoya, Japani

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inaniandama. Nimefurahi kusikia mguu umepata nafuu na umeanza tena kwenda mwenyewe sokoni Ngamiani.

Dada kaniambia ile picha ya kuku imezua mjadala barazani, na wewe ukasema nimempaka mafuta ili ang'ae. Hapana Mama, ni sukari ile. Huku wanaita teriyaki, na ndicho chakula changu siku za kazi. Nikiingia ndani saa 1 usiku (nyinyi huko saa 7 mchana, mmeshapakua) sina nguvu ya kukuna nazi.

Swali lako linalofuata nalijua. Kuku nanunua duka la halali, wa kugandishwa kutoka Brazili, mapaja yaliyokwisha kutolewa mifupa. Wajapani wenyewe hutia sake, pombe yao ya mchele, na mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele yenye kilevi kama asilimia 14. Mimi vyote sitii. Naongeza sukari na siki kidogo, na kuku anang'aa vilevile.

Dada atafute kuku wa kisasa. Jogoo wetu wa kienyeji atatafunwa mpaka Isha. Mapaja 4, atoe mifupa, ayafute maji yakauke, ayalaze ngozi chini kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani. Asiyaguseguse. Ngozi itatoa mafuta yenyewe, na baada ya dakika 8 hivi itakuwa imekauka na kupata rangi. Ageuze, ayaache mpaka yaive ndani, amwage mafuta.

Hapo sasa asiondoke jikoni. Awe ameshachanganya vijiko vikubwa 3 vya soya sosi, 3 vya maji, 2 vya sukari, tangawizi ya kukuna na siki nusu kijiko cha chai, amimine. Mwanzo mapovu ni madogo na mepesi. Kisha yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole, na ukipitisha mwiko chini njia inabaki kidogo kabla sosi haijairudia. Aepue papo hapo, hasa akipikia mkaa. Akichelewa, sukari inaungua na kuwa chungu, ndiyo maana sosi haitiwi tangu mwanzo.

Chumvi asitie. Na bizari, Mama, nakuomba ikae kabatini siku hiyo moja tu. Wali uwe mweupe, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Nazi na utamu ule pamoja vitawakinaisha. Kuku akiwa ghali, jodari wa sokoni Deep Sea anafaa sana. Wajapani nao samaki humpika hivi hivi.

Baba apewe kipande kilichopanguswa sosi, sukari yake mnaijua. Pesa ya soya sosi nimeshaituma kwenye simu ya Dada, kwa hiyo asinisingizie.

Mwanao akupendaye