Risala ya Wanabaraza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Msimu wa Kusoma Mashairi

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Wazee wetu, wanabaraza na wageni waalikwa,

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi.

Baraza letu si darasa. Watu huja kunywa kahawa, kuzungumza mpira, bei za vyakula na michango ya misiba. Shairi likiingizwa humo bila utaratibu, wajuzi wawili hubishania vina na waliobaki hutoa simu mfukoni.

Kwa hiyo shairi husomwa mwanzo, kikombe cha kwanza kikiwa mkononi. Likiwekwa mwisho, nusu ya watu wameshaaga. Hutengewa dakika 40, na beti hazizidi sita. Nakala huchapwa kwa herufi kubwa, moja kwa watu wawili.

Husomwa mara tatu. Kwanza linaghaniwa, karatasi zimefunikwa. Mahadhi hunasa masikio lakini pia huficha maana, ndiyo sababu mara ya pili husomwa kwa sauti ya mazungumzo. Hapo ndipo wengi hukosea. Mshororo wa tarbia iliyozoeleka, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, una mizani (silabi) 16, na pumzi hukatwa baada ya mizani 8. Tuchukue mfano huu:

Mgeni ukaribie, kahawa iko jikoni.

Msomaji mwenye haraka akipumua baada ya "kahawa", mgeni amekaribishwa kwenye kahawa, si nyumbani, na kilichoko jikoni hakijulikani tena. Basi msomaji hupewa karatasi siku moja kabla, apige mstari wa penseli kila penye pumziko.

Kisha dakika mbili za kimya. Hizi ni ngumu kuliko yote, na mara nyingi mwenyekiti ndiye anayezivunja.

Swali la kwanza lisiwe "mshairi ana maana gani?" Hilo linanukia mtihani, na mzee ambaye hakufika sekondari hatafumbua kinywa. Huulizwa: neno gani limekubakia? Kila mtu hutaja moja bila kulieleza, duru nzima, ndipo maelezo yaanze. Wajuzi wa vina na bahari, yaani aina za mashairi, husubiri duru ya pili. Inawauma, lakini husubiri.

Tenzi za kale zina mambo yake. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, una Kiamu, lahaja ya Lamu, kisichozoeleka bara: "negema", yaani sogea, humsimamisha msomaji mlangoni. Maneno matano au sita yaelezwe juu ya karatasi. Yakizidi, watu husoma faharasa na kuuacha utenzi. Tena wosia ule wa mama kwa bintiye juu ya ndoa hugeuka upesi kuwa kesi ya ndoa za waliopo. Dawa yake ni kwamba kila anayesema ataje ubeti anaoutegemea. Asiye na ubeti anywe kahawa.

Mara ya tatu husoma mtu mwingine, kwa sauti tofauti na ya kwanza, na baada yake haongezi mtu neno.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi matatu: kamusi mbili za Kiswahili; ruhusa ya kuazima diwani maktaba kwa jina la kikundi; na taa ya barazani, kwani kuanzia magharibi herufi hata zikiwa kubwa hazionekani.

Tunaomba kuwasilisha.