Proteasi ya arkea haikati? Tazama joto na chumvi kabla ya kuirudisha

Wateja wa maabara hutuandikia hivi mara kwa mara: "Tumeweka kimeng'enya kwenye sampuli, tukakiacha usiku kucha kwa nyuzi 37, protini iko vilevile." Wengi hudhani kimeharibika njiani. Kwa kawaida ni kizima kabisa, ila kimewekwa penye baridi mno.

Arkea ni viumbe wa seli moja waliohesabiwa kuwa bakteria tu hadi mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walipoonyesha kuwa ni ukoo mwingine. Pyrococcus furiosus, aliyepatikana kwenye mashapo ya bahari yenye moto ya kisiwa cha Vulcano, Italia, hustawi karibu na nyuzi 100 za sentigredi. Proteasi zake, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, zimeshikamana kwa nguvu ili zisifumuke katika joto hilo. Kukaza huko ndiko kunakozifanya zijikokote kwenye nyuzi 37: molekuli hainyumbuki vya kutosha kukata. Ipandishe hadi nyuzi 85 au 95 uone. Hapo hata protini inayokatwa imeshafumuka, na sehemu zilizojificha ndani yake zinafikika. Ndiyo maana proteasi ya arkea mwingine, Thermococcus kodakarensis, imejaribiwa dhidi ya prioni, protini sugu ambazo kuchemsha peke yake hakuzimalizi. Hiyo ya kodakarensis huhitaji kalisi ili ijikunje sawasawa, kwa hiyo angalia kama myeyusho wako una EDTA, kemikali inayonasa madini, maana huikamata kalisi yote.

Uzuri huo una kero yake, na hapa ndipo wengi hukwama: kimeng'enya cha namna hii hukizimi kwa kuchemsha. Ukitoa DNA kisha ukaenda moja kwa moja kwenye PCR, yaani kunakili DNA kwa kuipasha na kuipoza mara nyingi, mabaki ya proteasi yataamka kila mashine inapopanda nyuzi 95 na kuitafuna polimerasi yako, kimeng'enya kinachonakili DNA. Safisha DNA kwanza kwa safu ya silika, inayoshika DNA na kuacha protini zipite. Kama proteasi ni ya aina ya serini, yaani inayokata kwa kutumia asidi amino hiyo, kemikali iitwayo PMSF nayo huizuia.

Proteasi za arkea wanaopenda chumvi zina tabia nyingine. Natrialba magadii alitolewa Ziwa Magadi, Kenya, kwenye maji ya chumvi na magadi makali, na proteasi yake hukata penye chumvi ambayo vimeng'enya vya kawaida havivumilii, hata ukichanganya na kiyeyushi cha DMSO. Iweke kwenye maji yasiyo na chumvi, inapoteza umbo. Tafadhali usiifanyie dialisisi (kuondoa chumvi kupitia utando) kwa maji matupu halafu ututumie malalamiko!

Kwa asidi kuna thamopsini ya Sulfolobus acidocaldarius, inayofanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 2. Wanaoiulizia ni wachache.

Kwa hiyo unapoagiza, tuandikie joto la kazi yako, kiasi cha chumvi, pH, na hatua inayofuata baada ya kukata. Kama jibu ni nyuzi 37 hadi 60, chumvi kidogo, kisha PCR, tutakushauri uchukue proteinasi K, ambayo hutokana na kuvu wala si arkea. Hiyo ukiipasha nyuzi 95 kwa dakika 10 huzimika, na huna haja ya kulipia zaidi.