Toa kidole kwenye kulabu

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Moshi hatujambo. Sauti ya tarumbeta yako kwenye mazoezi ya okestra huko Ujerumani tumeisikia, mama yako kairudia mpaka simu ikazima. Umetupa raha. Ila ile picha yenye alama nyekundu ya duara mdomoni, saa nzima baada ya kupiga, sikuipenda. Unakandamiza tarumbeta mdomoni.

Mdomo ukibanwa, damu haipiti vizuri na nyama yake haitetemeki. Sauti inakonda, noti za juu zinakatika, na mpigaji kwa hofu anazidi kubana. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kitoe kwenye kulabu, ile ndoano ndogo ya kidole juu ya tarumbeta, kikae juu yake tu. Wengi huvutia tarumbeta hapo bila kujijua. Kaza pembe za mdomo, katikati pawe huru. Ukipiga dakika 10, pumzika 10. Harusini mlipiga kutwa juu ya pikapu, na nani angewasimamisha wakati tuzo zinamiminika? Okestrani utasubiri baa 80 za muziki kimya, kisha uingie juu, kwa sauti ndogo. Ukisubiri, puliza hewa ya moto ndani bila kutoa sauti. Tarumbeta ikipoa sauti hushuka, na Wajerumani wengi hupanga noti ya A juu kidogo, mitetemo 443 kwa sekunde.

Soma kichwa cha karatasi pia. Kanisani ulizoea kusoma noti kama inavyolia: C, unabonyeza vitufe vya vali, cha 1 na cha 3. Karatasi ikisema „in B“, kwa Wajerumani hiyo ni B flati, na C yake haibonyezwi kitu. Ukisahau utalia toni nzima juu ya wenzako. B yetu wao huiita H.

Mafuta ya vali matone matatu yanatosha. Ukirudisha pistoni ya vali mahali pake angalia namba. 1 ikiingia kwa 2, hewa haipiti. Kidomo, kile unachopulizia, kikinasa usiguse koleo, peleka kwa fundi. Tarumbeta ioshe kwa maji vuguvugu, ya moto hubandua rangi. Na usikandamize, nimeshasema.

Ng'ombe amezaa jike. Kahawa bado tunachuma, mvua inatusumbua kuanika. Mdogo wako anataka viatu vya shule, vile vya mwaka jana kavimaliza kwa mpira. Mama anauliza kama koti linatosha au akutafutie sweta sokoni Memorial.

Nitumie picha nyingine, safari hii ya mkono wa kulia.

Baba yako